Shamba na Zizi: Mpungate kwa Mbuzi wa Maziwa

Juma hili naiacha kando habari ya kuku niliyowaahidi, maana nimepata barua isiyofaa kungoja. Imetoka kwa mama mmoja wa Laikipia, nchi ya Kenya. Nimeifupisha, lakini maneno ni yake:

“Mzee wetu wa Shamba na Zizi, salamu sana. Nina mbuzi kumi na wawili, na watano kati yao nawakamua. Mvua imetupita mbali. Kwenda mtoni na kurudi ni saa tatu nzima, na katika madumu manne abebayo punda, mawili huishia kwa mbuzi. Majani yamekwisha, isipokuwa ule mti wa mabapa yenye miiba, huo umejaa kila mahali. Mwanangu asomaye sekondari aniambia ati huko Brazili watu huukata wakawapa mbuzi, na mbuzi hutoa maziwa katikati ya kiangazi. Nami nimeona kwa macho yangu mbuzi wangu wawili waliojilisha mti huo: midomo ilivimba, wakashindwa kula, na mmoja akafa. Sasa nani asemaye kweli, mtoto au macho yangu? Nyumbani nina mjukuu wa miaka miwili anayetegemea maziwa hayo.”

Mama, pole kwa mbuzi wako. Nimeisoma barua yako mara mbili, na jibu langu ni hili: mtoto asema kweli, na macho yako pia yasema kweli. Mti ni wa ukoo mmoja, lakini namna zake ni mbalimbali, na njia ya kuulisha ndiyo inayotenga faida na hasara. Tena yako jambo la tatu ambalo wewe hukuliuliza wala mtoto hakulisikia, nalo ni habari ya maziwa yenyewe. Tuyachukue moja moja, na wasomaji wengine wenye mbuzi katika nchi kavu wasikilize.

Mti tunaousema ni mpungate, na wengine huuita kaktasi. Kwao hasa ni Meksiko, ambako watu wameula tangu kale, matunda na mabapa, hata ukawekwa katika bendera ya taifa lile, tai amesimama juu yake. Kutoka huko ulichukuliwa na mabaharia na wageni ukaenea pande zote za dunia zenye jua kali.

Sasa twende Brazili. Upande wa kaskazini-mashariki wa nchi ile una nchi kavu kubwa sana, na ndani yake, katika jimbo la Paraíba, uko wilaya uitwao Cariri. Usidhani Brazili yote ni misitu na mito. Cariri ni nchi ya mawe, vichaka vya miiba na mvua chache. Mji wake mmoja, Cabaceiras, hutajwa kuwa miongoni mwa mahali pakavu kuliko pote Brazili. Watu wa huko wameuchagua mnyama ambaye nasi twamjua. Hata hufanya sikukuu kila mwaka ya kumheshimu beberu, wakamwita mfalme. Na jimbo hilo la Paraíba ndilo linalosifika Brazili nzima kwa maziwa ya mbuzi.

Mbuzi hao hula nini wakati wa kiangazi? Hula mpungate, na si ule unaojiotea porini. Wenyeji hupanda mashamba yake kwa mistari, kama sisi tupandavyo mihogo. Baada ya ukame mkali wa mwaka 1932 serikali yao iliwahimiza watu kuupanda, na leo mashamba hayo yamefunika nchi kubwa. Walipopatwa tena na ukame mrefu kutoka mwaka 2012 hadi 2017, mwenye shamba la mpungate alikuwa na kitu cha kukata, na asiyekuwa nalo aliuza wanyama wake kwa bei ya kutupa.

Lakini angalia sana neno hili: mpungate wao wa shamba hauna miiba, au una michache tu. Ni namna iliyochaguliwa na kupandwa kwa vizazi vingi. Mfugaji hukata mabapa kwa panga, huyachukua nyumbani kwa mkokoteni, huyakatakata vipande vidogo, huyachanganya na nyasi kavu na chakula kingine, kisha huyatia horini. Mbuzi haendi mwenyewe kuuparura mti. Hapo ndipo penye tofauti ya kwanza kati ya habari ya mwanao na habari ya macho yako.

Je, ndani ya bapa mna nini? Chukua kilo 10 za mabapa mabichi. Ukiyakausha kabisa, utabaki na kilo 1 hivi tu. Kilo 9 zilizokwenda zilikuwa maji. Mti huu huweza kuyaweka maji yote hayo kwa kuwa hufunga vitundu vyake vya kuvutia hewa mchana, jua linapowaka, ukavifungua usiku kukiwa na ubaridi. Miti mingine hupoteza maji mchana kutwa. Huu huyatunza kama mama atunzavyo mtungi kivulini.

Hiyo kilo 1 iliyobaki ina nini? Ina vitu vingi vya utamu na utelezi ambavyo mbuzi huviyeyusha upesi akapata nguvu. Kwa nguvu, mpungate haukai mbali na mabua ya mahindi yaliyovundikwa. Lakini una upungufu wa namna mbili. Nyuzi zake ni chache, na chakula cha kujenga mwili, yaani protini, ni kidogo: katika sehemu 100 za mpungate mkavu, protini ni sehemu 4 hadi 6 tu, na mbuzi anayekamuliwa ahitaji zaidi ya mara mbili ya hizo. Chokaa imo kwa wingi, lakini sehemu kubwa imefungwa ndani ya kitu kikali ambacho tumbo halikifungui kwa urahisi. Fosforasi nayo ni haba.

Basi, mama, ukitaka kuukumbuka mpungate kwa neno moja, sema hivi: ni mtungi, si chungu. Utakupa maji, nao utakupa nguvu kidogo. Usiutazamie kuwa chakula kamili.

Na tusiudharau mtungi. Hebu tufanye hesabu pamoja. Mbuzi wa maziwa mwenye uzito wa kilo 40 hula kwa siku chakula kipatacho kilo 1 na nusu, kikipimwa kikavu. Tuseme theluthi moja ya chakula hicho iwe mpungate. Hiyo ni nusu kilo kavu, maana yake kilo 5 za mabapa mabichi. Ndani ya kilo 5 hizo mna maji ya lita 4 na nusu. Mbuzi wako watano wa kukamuliwa watakuwa wamekula, si kunywa, lita 22 na zaidi. Hilo ni dumu moja zima, mama, ambalo punda hakulibeba wala wewe hukulichota. Kati ya yale mawili yanayoishia kwa mbuzi, moja limerudi jikoni kwako.

Wala si hesabu ya karatasi tu. Wataalamu wa Paraíba waliwajaribu mbuzi wa maziwa, wakapunguza mahindi katika chakula chao na kutia mpungate mahali pake, kundi hili kidogo, kundi lile zaidi. Waliyoyaona waliyachapa mwaka 2009. Kadiri mpungate ulivyozidi, ndivyo mbuzi walivyopunguza kwenda kwenye ndoo ya maji. Na maziwa? Kwa kipimo cha wingi, hayakupungua. Mbuzi alijaza kibuyu kama kwanza. Lakini walipoyapima ndani, waliona mafuta ya maziwa yameshuka, na yaliendelea kushuka kadiri mpungate ulivyoongezwa.

Hapa ndipo penye jambo la tatu nililosema, nalo nataka ulisome polepole, maana jicho halilioni. Mtu akiangalia kibuyu kimejaa, hufurahi na kusema, “Mpungate umefaa!” Maziwa ni meupe vile vile, na kipimo ni kile kile. Tena maziwa ya mbuzi hayana desturi ya kupandisha malai juu upesi kama ya ng'ombe, kwa sababu matone ya mafuta yake ni madogo na hayashikamani haraka. Kwa hiyo hata ukiyaacha usiku kucha, hutaona tofauti wazi. Atakayeijua tofauti ni yule anayetegemea maziwa hayo kuwa chakula chake.

Kwa nini mafuta hushuka? Nitaeleza kwa njia nyepesi. Tumbo la kwanza la mbuzi ni kama pipa la kuchachushia pombe. Ndani yake wamo vijidudu wengi mno wasioonekana kwa macho, nao ndio wanaoyavunja majani makavu na nyuzi ambazo sisi tungeshindwa kuzila. Wakivunja nyuzi hizo, hutoa kwa wingi kitu kikali cha jamii ya siki, na kiwele cha mbuzi hukichukua kitu hicho kikafanyiza mafuta ya maziwa. Tena mbuzi akila majani yenye nyuzi, hutafuna sana na kucheua sana, akameza mate mengi. Na mate hayo hupunguza ukali ndani ya pipa, vijidudu wakakaa salama na kufanya kazi. Sasa mpe mpungate mwingi: nyuzi chache, kutafuna kidogo, mate kidogo, siki kidogo. Maji ya maziwa yapo, lakini mafuta yamekosa kuni za kuyapikia.

Tulipime jambo hili kwa mfano wa nyumbani. Tuseme lita moja ya maziwa ilikuwa na mafuta gramu 40, kisha yakashuka hadi gramu 32. Mtoto anywaye nusu lita kwa siku atakunywa lita 3 na nusu kwa juma, naye atakuwa amekosa gramu 28, yaani karibu vijiko viwili vikubwa vya samli. Kwa mtu mzima mwenye ugali na mboga, si kitu. Kwa mtoto wa miaka miwili, wakati wa kiangazi ambapo sahani nyingine ni tupu, ni kitu. Ndiyo sababu, mama, nilipofika mwisho wa barua yako nilisimama kwenye habari ya mjukuu kuliko habari ya mbuzi.

Je, nakuambia uuache mpungate? Sivyo. Nakuambia usiupe peke yake, wala usiufanye kuwa zaidi ya sehemu yake. Yashike haya machache.

Kwanza, mwanzo wa siku mpe mbuzi majani makavu yenye nyuzi: nyasi kavu, mabua ya mahindi au ya mtama, maganda ya maharage. Hata kama ni ya mwaka jana na rangi imekwisha, yatamfanya atafune. Au vizuri zaidi, yakatekate uyachanganye na vipande vya mpungate, asipate nafasi ya kuchagua. Utelezi wa mpungate utayalainisha yale mabua magumu, na mbuzi atayala asiyoyataka jana. Hii ndiyo faida ya kushangaza: mpungate husaidia mabua kuliwa, na mabua husaidia mpungate kuwa maziwa yenye mafuta.

Pili, tafuta protini. Huko kwenu iko migunga. Kusanya maganda ya mbegu zake yanapoanguka, uyaweke ghalani, maana ni chakula chenye protini nzuri kilichotupwa chini bure. Majani ya lukina, mtu akiwa nayo, yafaa sana. Mashudu ya pamba au ya alizeti, ukiweza kununua, konzi chache kwa siku kwa kila mbuzi anayekamuliwa zitaonekana kwenye kibuyu.

Tatu, weka jiwe la chumvi ya mifugo karibu na hori, lile lenye fosforasi, maana mpungate hauna ya kutosha.

Nne, anza kidogo kidogo. Vijidudu wa tumboni ni kama watu: hawapendi kubadilishiwa chakula ghafula. Siku ya kwanza mpe mbuzi konzi mbili za vipande, na kwa siku kumi ongeza hadi ufike ile theluthi. Usifike nusu ya chakula chote. Utaona mavi yamekuwa laini kuliko desturi. Hilo peke yake si ugonjwa. Lakini akianza kuhara maji, akanyong'onyea na kuacha kucheua, punguza mara moja na kuongeza majani makavu.

Tano, usiondoe ndoo ya maji. Hata kama hainywi sana, iwepo. Mbuzi anayekamuliwa, tena anayelamba chumvi, atakuwa na siku za kiu, na maziwa mengi zaidi ni maji. Atakayeona mpungate akafunga ndoo, atafunga na kiwele.

Sasa turudi kwa macho yako, mama, na kwa mbuzi aliyekufa. Mipungate iliyojaa Laikipia si ile ya mashamba ya Cariri. Mingi ni namna mbili ambazo wataalamu huziita Opuntia stricta na Opuntia engelmannii. Ililetwa zamani kuwa ua na pambo, kisha ndovu na nyani wakala matunda, wakatapanya mbegu, ikateka malisho. Ubaya wake si miiba mikubwa tu, ambayo kila mtu huiona. Penye kila kidoa cha bapa na cha tunda kuna vimiiba vidogo kama vinyweleo vya upupu, vyenye ndoano ncha zake. Mbuzi mwenye njaa akiuma, vimiiba hivyo hunasa katika midomo, ulimi na ufizi. Vingine huingia machoni. Vingine huteremka hadi matumboni. Vidonda huoza, mbuzi hushindwa kula, naye hufa kwa njaa hali amesimama karibu na chakula. Ndivyo alivyokufa mbuzi wako. Macho yako hayakukudanganya.

Wafugaji wa nchi nyingine wamepambana na miiba kwa moto. Huko Texas, Marekani, wakati wa ukame, watu wameunguza miiba kwa mwali wa moto tangu zamani ili ng'ombe wapate kula. Na huko Madagaska ya kusini wenyeji huikata mipungate wakaibabua kwa moto kabla ya kuwapa ng'ombe wao. Kwa hiyo njia ipo, lakini ina masharti. Kata mabapa kwa kutumia koleo au uma mrefu, usishike kwa mkono. Yapeleke mahali peupe pasipo majani makavu. Kamwe usiwashe moto mti ukiwa umesimama porini, maana utaunguza malisho ya kijiji kizima. Yababue upande huu na upande huu hata vinyweleo vyote viishe, usitosheke na kuondoka kwa miiba mikubwa. Yakipoa, sugua bapa kwa gunia kuukuu uone kama kuna kinachonasa. Kikinasa hata kimoja, rudisha motoni. Kisha katakata uchanganye kama nilivyosema. Na matunda usiwape kabisa, maana ndiyo yenye vinyweleo vingi, nayo ndiyo yanayoeneza mbegu.

Tena jambo hili: mlishe mbuzi horini, si chini ya mti. Mbuzi aliyezoea utamu wa mpungate uliobabuliwa huenda akaufuata ule usiobabuliwa. Siku za kumlisha mpungate, mchungaji awe macho. Kama huna mtu wa kuchunga, wala huna kuni na nafasi ya kubabua vizuri, basi ushauri wangu ni kuuacha. Afadhali mbuzi mwembamba kuliko mbuzi mfu.

Mwingine atauliza, “Kwa nini nisipande ule usio na miiba, kama watu wa Brazili?” Swali ni zuri, lakini nenda polepole. Kila kipande cha bapa kikianguka chini huota mizizi, na nchi ya Laikipia imekwisha kuonja uchungu wa mti ulioletwa kwa nia njema. Muulize kwanza afisa wa kilimo wa mahali pako kama namna hiyo inaruhusiwa na kama inafaa. Na ukiulisha wa porini, okota masazo yote ya horini uyakaushe na kuyachoma, usije ukapanda adui nyuma ya zizi lako kwa mkono wako mwenyewe.

Iko sababu nyingine ya kwenda polepole. Mpungate una adui wake, mdudu mdogo aitwaye kochinili, anayejifunika kwa pamba nyeupe na ukimponda hutoa rangi nyekundu kama damu. Huko Madagaska, katika miaka ya 1920, mdudu wa namna hiyo aliletwa akaimaliza mipungate ya kusini. Ng'ombe wengi wakafa na watu wakaona njaa, kwa kuwa walikuwa wameegemea mti mmoja. Huko Brazili pia, mwanzoni mwa miaka ya 2000, kochinili iliteketeza mashamba mengi ya Pernambuco na Paraíba, na wakulima wakalazimika kutafuta namna nyingine zinazomshinda mdudu huyo. Na ajabu ni hii: mojawapo ya namna zilizowaokoa ni ya Opuntia stricta, yaani ndugu wa ule ule unaowatesa ninyi Laikipia.

Na kwenu ninyi mdudu amekuwa rafiki. Mwaka 2014 kochinili ililetwa Laikipia kutoka Afrika ya Kusini kwa makusudi, nayo ni ukoo wa mdudu unaopenda Opuntia stricta. Mahali aliposhika, mipungate hunyauka na kuanguka, na nyasi hupata nafasi tena. Kwa hiyo, mama, ukiona pamba nyeupe juu ya mipungate yako, usiikwangue. Usihesabu kwamba mti huo utakuwa hori lako miaka yote. Uutumie kama mtu atumiavyo kuni za mti ulioanguka njiani: zikiwapo, vema, lakini mtu hajengi jiko lake juu yake.

Tunajua sote hali ya miaka iliyopita. Kutoka mwaka 2020 hadi 2022 mvua zilikosa misimu mitano mfululizo katika nchi kavu za Kenya, na mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa. Waliobakiwa na mbuzi wawili watatu hawakubakiwa kwa bahati tu. Wengi walikuwa wameuza mapema baadhi ya wanyama, wakaweka majani makavu, wakajua kila kitu kilicho nchini mwao kinafaa nini na kinadhuru nini. Mpungate ni mmoja wa vitu hivyo.

Basi, mama, hili ndilo shauri langu kwako hasa. Usiwape mbuzi kumi na wawili wote. Chagua wale watano unaowakamua, na kama kazi ya kubabua ni nzito, chagua wawili walio na maziwa mengi. Fuata masharti ya moto. Changanya na mabua na maganda ya mgunga. Uza mbuzi mmoja au wawili wasiozaa kabla hawajakonda, na kwa fedha hiyo nunua mashudu na chumvi. Na maziwa ya mjukuu, yachemshe kama desturi. Usiridhike kwa kuwa kikombe kimejaa. Katika miezi hii mtilie samli kidogo au karanga zilizosagwa katika uji wake, hata mvua irudi na nyasi mbichi ziote.

Mwambie na mwanao asome barua hii, maana amefanya vema kuleta habari nyumbani. Mpe kazi moja: kila siku apime maziwa ya kila mbuzi kwa kikombe kimoja kile kile, aandike katika daftari, na karibu nayo aandike mbuzi alikula nini. Baada ya mwezi mmoja mtajua habari za zizi lenu kuliko nizijuavyo mimi niliyeketi hapa na kalamu. Niandikieni mlivyoona, nami nitawasomea wenzenu.

Kwa herini hadi juma lijalo. Habari ya kuku haijapotea, i njiani.